Nili ya Ghorofa ya Tano

Mgodi ulipofungwa walinipa saa ya ukutani
na barua yenye muhuri.
Majira hayo ya baridi nikachoma kijiti katika kiazi,
kikawa pia ya kusokotea.
Basi nilikuwa na saa, na barua,
na pia.

Endel alileta gunia la sufu ya kondoo wake watatu,
lenye nyasi, mavi, na mafuta ya kunata.
Akacheka: “Kalju, mikono hiyo imezoea baruti.”
Kweli. Miaka ishirini na minane ya baruti,
na leo haiwezi kushika wingu.

Kiazi kikazunguka. Sufu ikakatika.
Kiazi kikabingirika chini ya jiko.
Nikaokota. Kikazunguka. Ikakatika.
Raissa wa ghorofa ya nne akagonga dari kwa ufagio,
akapaza sauti: nini kinaanguka huko usiku kucha?
Kiazi, mama. Kiazi na mzee mmoja.

Husema kamba hukatikia pembamba.
Waliosema hawakuwahi kusokota.
Msokoto hupenda wembamba, hukimbilia huko,
hukaza mpaka uzi ulie ukiugusa kwa ukucha.
Ni pale penye unene, palipovimba na kulegea,
pale ulipopaamini kwa kuwa pana nyama,
ndipo nyuzi huachana
taratibu, bila ugomvi,
na pia iko sakafuni.

Helmi alinikataza sufuria ya supu.
Nikanunua ya mitumba, ukingo umemeguka.
Raissa, ambaye sokoni huuza vitunguu vya ziwa Peipsi,
akapanda na mfuko wa maganda.
“Angalau ukichemsha,” alisema, “hupigi kelele.”
Shabu kijiko, maji yasichemke, yatetemeke tu,
na sufu ikatoka na rangi ya kiini cha yai la shamba.
Tukaitazama sote watatu. Raissa akasahau kuondoka.

Yale matunda ya msituni, yanayotia ulimi zambarau
wiki nzima, nikayaponda ndoo mbili kwa tamaa.
Yakanipa kijivu cha panya.
Nikafuma soksi. Panya naye ana miguu.

Nili ilinichukua mwaka.
Si ile ya nchi za jua; hii ya kwetu ni kama kabeji
iliyokosa malezi. Niliipanda roshani, ndani ya makreti,
nikalaza majani, nikaongeza chokaa, nikapiga povu, nikafunika,
nikasubiri kiive kile kilichokuwa kinaoza.
Harufu! Helmi alikwenda kulala kwa dada yake huko Narva,
akaacha kibandiko mlangoni: *Dirisha.*

Siku ya tatu nikazamisha fundo la kwanza.
Nikahesabu mpaka mia sita. Nikalitoa.
Kijani. Kijani cha utando wa dimbwi.
Mwaka mzima, na mke, kwa ajili ya uvundo wa kijani!
Nikafungua dirisha nilitupe.

Upepo ukaligusa.
Buluu ikaanza pembeni, kama mtu anayekumbuka jina,
ikapanda uzi kwa uzi, ikashuka kwenye vidole vyangu,
na mimi nimesimama na soksi za panya
nadondosha maji juu ya sakafu ya Helmi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitoka.
Lifti ilitutapika wote sura moja, wote vumbi,
hakuna aliyekuwa mtu bado.
Kisha lango, kisha baridi usoni,
na Arvo akaanza mluzi wake mbaya,
na Tõnis akadai sigara yake ya Jumatatu.
Nilidhani ni chini kule tulikopata rangi.

Helmi alirudi Jumapili. Akanusa. Hakusema.
Akavuta uzi wa buluu kati ya vidole,
polepole, akasimama mahali.
“Hapa ni panene. Patakatika.”
“Najua.”
Akapasokota upya kwa kidole gumba, akanirudishia.

Kile kiazi cha kwanza kiko juu ya kabati,
kijiti bado kimekichoma tumboni.
Kimechipua.