Mfereji wenye Kona

Jembe la Lugwisha lilikwama.
Septemba, Magu, jaruba limepasuka kama kisigino.
Akainama, akatega sikio.
"Donge hili linapumua."

Mimi nilifuata konokono tu,
kazi ya zahanati: chupa, koleo, daftari la kichocho.

Ndani ya ute uliokauka, mkia umefunika macho,
kamongo.
Ana mapafu, huyu. Ziwa likimkimbia
halifukuzi.
Mapezi yake nyuzi nne,
kitu kilichotaka kuwa miguu, kikaghairi.

Lugwisha anazijua habari zake.
Dume hulinda mayai kwenye mafunjo,
atamng'ata hata ng'ombe aliyekuja kunywa.
Watoto huzaliwa na matamvua nje ya shingo,
vishada laini, na yakinyauka
ndipo hupanda juu, mmoja mmoja,
kuikohoa hewa mara ya kwanza.

"Na konokono," akasema, "huwavunja kama karanga."

Nikafungua daftari.
Mwaka juzi, kumi na tisa.
Mwaka huu, mia mbili na sita.
Mafunjo yamefyekwa, ndoano zimejaa kila mlango wa maji,
na fomu yangu haina safu ya kamongo.

Sokoni angempatia ada ya shule ya Nyanzobe,
muhula mzima, na daftari juu.
Alisimama pale muda mrefu. Sikumwambia neno.

Kisha akalifukia donge kwa mikono,
akasogea hatua tatu, akaanza kuchimba upya.

Mfereji wake una kona.
Wapitao humcheka: huyu hajui kunyoosha kamba.