Robo Mzunguko

Nililaumu nyundo.
Miaka thelathini na moja karakana ya Pasua,
nachoma mageti, nanyoosha chasisi za matrekta ya miwa,
nani asingelaumu nyundo?
Sikio la kushoto lilifunga duka bila kuaga,
la kulia likabaki likiuza rejareja.

Dakta Elinami alinichorea nyuma ya bahasha:
"Humu ndani, fundi, kuna nyundo.
Inagonga fuawe. Fuawe linasukuma kikuku."
Nikacheka mpaka muuguzi akachungulia.
Kumbe karakana nzima naibeba kichwani, bila leseni!
"Nyundo yako nzima. Fuawe ndilo lililoliwa.
Usaha wa utotoni."
Nikamkumbuka mama, Kibosho, masika,
na mafuta ya moto kwenye kijiko.

Akanionyesha kipuri: kijiti cha titani,
kifupi kuliko punje ya mchele,
kinachorefuka na kufupika.
"Kwa nini msilete kilichokwisha kukatwa?"
"Wewe hukata bawaba kabla ya kuuona mlango?"
Hapo nikamwamini.

Mezani walinitia ganzi, nikabaki macho.
Akarefusha, unywele mmoja. "Unasikia?"
Kama mtu aongeaye ndani ya pipa.
Akazidisha. Koleo likadondoka sahanini
na dunia yote ikawa bati.
"Umekaza mno," nikasema. "Rudisha robo."
Akanyamaza kidogo.
Akarudisha robo.

Nikasikia saa ya ukutani.
Nikamsikia akimeza mate nyuma ya barakoa.

Wiki ya tatu walitoa pamba, nikapanda nyumbani.
Mlima umejifunika. Mfereji unanong'ona chini ya migomba,
sikumbuki kama ulikuwa na tabia hiyo.
Nikasukuma geti langu mwenyewe,
lile ninalowapeleka wateja walione,
nikiapa ni kimya kama Ijumaa Kuu.

Likalia.
Likalia kama mbuzi anayevutwa kwenda mnadani.

Aisia akatokea jikoni, mikono ina maganda ya ndizi.
Miaka sita amekuwa akinipigia kelele ya kuitia ng'ombe,
kisha mwaka wa saba akachoka, akawa ananionyesha kwa kidole.
Sasa alisema taratibu, karibu anajisemea:
"Nilikwambia."

Kopo la grisi liko pale dirishani.
Leo siku ya nne.
Sijaligusa.