Kinu cha Kahawa, kwa Tsiala

Daraja Kavu liko Tbilisi. Mto ulilihama zamani,
chini yake sasa hupita magari,
na juu yake, Jumamosi, watu hutandaza mashuka
na kupanga vya marehemu: miwani ya jicho moja,
medali za vita ambavyo wajukuu hawavijui,
vijiko vya fedha vyenye herufi za majina ya wengine.

Nilikwenda kutafuta zawadi.
Dada yangu Tsiala anatimiza sabini siku ya Alhamisi
na hataki kitu kipya.
"Kipya," husema, "hakina la kunisimulia."

Basi nikakiona. Kinu cha kahawa
cha shaba, chembamba kama mkono wa mtoto,
na kwenye ncha ya mpini wake, badala ya kirungu,
askari mweusi wa sataranji,
kichwa kimelainishwa na vidole.

Muuzaji, Bwana Vazha, hakuniacha nipumue.
"Hicho, mama, kilikuwa cha kanali.
Alicheza sataranji kambini usiku kucha,
akaliwa kila kitu, akabaki na askari huyo mmoja,
akaapa atasaga naye kahawa hadi kufa."

Uongo mtamu, umekaangwa ukakolea kama buni.
Nilimwacha aumalize.
Mwongo hodari naye ni fundi, ana ujira wake.

Lakini askari yule nilimjua.
Baba alimpachika pale mwaka kirungu kilipopotea,
akatia gundi, akapuliza, akasema, "Kapandishwa cheo."
Tangu siku ile, kwenye ubao wetu,
nafasi ya askari wa nane ilishikwa na kokwa la pichi.

Kisha ukaja ule msimu wa baridi.
Umeme hakuna, gesi hakuna,
foleni ya mkate tangu saa kumi alfajiri.
Kinu kikatoweka rafuni.
Nikasema: mwizi. Baba akaamini.
Akabadilisha kitasa,
akaenda kaburini hajamsalimu tena jirani yetu Badri.

Mwizi nilikuwa mimi. Nilikiuza kwenye daraja hili hili
kwa lita tano za mafuta ya taa
na nusu kilo ya sukari.
Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilikuwa na ghorofa nne na miaka thelathini.

"Lari mia na ishirini," akasema Vazha.
Themanini kwa shaba, nilipiga hesabu,
arobaini kwa kanali. Nikalipa zote.

Alhamisi. Mkate wa jibini, divai, wajukuu chini ya meza.
Tsiala akafungua gazeti nililokizungushia.
Nami nikaanza, kama nilivyouziwa:
"Kilikuwa cha kanali mmoja, kambini..."

Hakunikatiza. Kidole gumba chake
kilikuwa kimeketi juu ya kichwa cha askari,
mahali pake pa siku zote.

"Kanali huyo," akasema,
"alivaa koti la kijani la mama,
kifungo cha pili kimekatika.
Alishuka ngazi peku, viatu mkononi,
ili ngazi zisimseme."

Meza ikanyamaza, wasijue kwa nini.

"Nilikuwa macho, Makvala.
Na chai ya usiku ule ilikuwa na sukari.
Niliinywa."

Akaomba buni. Akasaga mwenyewe.
Mizunguko ya kwanza ilitoa vumbi
la nyumba tusizozijua, kahawa za watu gani sijui,
akalikung'uta dirishani, akaanza upya,
na mpini ukalia ule mlio wake wa mbuzi mwenye mafua
hata nikalazimika kutazama pembeni.

Kikombe cha kwanza hakunywa.
Alikifunika kisahani, akanisogezea.
"Ghorofa ya tatu. Mjane wa Badri bado yupo.
Mpelekee ingali moto.
Na umwambie, lakini bila kanali."