Faharasa

Desemba, soko la Doncaster, banda la vitabu vya mtumba
kati ya muuza jibini na fundi simu.
Nimevua glavu moja nipate kufunua kurasa.
Hadithi nitazisoma siku nyingine;
leo natafuta herufi T.

Maana mjomba Mhina kitabu haanzi nacho mbele.
Ukimpa, hulipapasa jalada, husema
"Ahsante mwanangu, umejitia gharama,"
kisha hukigeuza, hulamba kidole,
huingilia mlango wa uani:
Swindon, Tottenham, Tranmere.
Baada ya Swindon pangetosha Tanga.
Haipo.
Hukifunga polepole,
kama mtu anayefunga friji isiyo na kitu.

Mwaka wa saba huu namnunulia maisha ya wanamichezo.
Nilianza na beki aliyevunjika goti mara nne,
kila mvunjiko ukapewa sura yake.
Akafuata bondia ambaye mama yake
anatokea ukurasa wa tatu na kufa wa tano.
Cha kriketi nilikinunua kwa makosa,
na hicho tu ndicho alichokisoma chote.
"Huko," alisema, "hakuna ninayemdai."
Vyote vimeandikwa "Maisha Yangu" kwa dhahabu,
na chini, kwa herufi za sisimizi,
jina la mtu mwingine aliyeyaandika.

Themanini na moja, timu ya huku ilikwenda ziara.
Mkwakwani, bila kwa bila, jioni inaingia, penalti.
Mpigaji Gordon Pell, nywele kama katani.
Mjomba golini, na glavu alizoazima kwa fundi bomba.
Anaapa hakuruka:
mpira ulimjia kama mgeni anayeijua nyumba.
Watu wakamtuza sarafu,
moja ikampiga jichoni,
akamaliza mechi anaona kwa upande mmoja.
Kovu lipo. Ushahidi mwingine hana.
Tangu aje huku ni ghala la magodoro,
zamu ya usiku, barabara ya Thorne.
"Bado mimi mlinda lango," husema, na hacheki.

Leo nimempata Pell.
Amezeeka kwenye jalada, koti la sufu, mbwa miguuni.
Pauni tatu, kona imelowa chai.
Nikaingia kwa mlango wa uani kama nilivyofunzwa.
Swindon.
Tanganyika, 143.
Tanganyika! Nchi ilishabadili jina yeye akiwa bado chekechea.
Lakini mkono ulitetemeka, nakiri.

Ukurasa wa 143 una sentensi nne:
walizuru Afrika, joto lilikuwa kali,
tumbo lilimsumbua siku tatu,
na alifunga bao katika kila mechi.

Nikasimama pale na glavu moja.
Tumbo limekumbukwa.

Muuzaji, mama mmoja Maureen, akaniuliza
huyo wa kupewa anaupenda mpira?
"Anaupenda?" nikamjibu. "Anaudai."
Hakuelewa, akanipunguzia nusu pauni.

Ningeweza kukirudisha rafuni,
nikakificha nyuma ya vitabu vya kufuma,
nikamchukulia mjomba cha baiskeli, cha amani.
Nilikaribia kufanya hivyo.
Badala yake nilikaa kituo cha basi, baridi ikinitafuna,
nikachonga penseli kwa ukucha na meno,
nikabana mwandiko uingie
juu kidogo ya Tanganyika:

Tanga, penalti iliyookolewa, 287.

Kitabu kinaishia 286.
Baada ya hapo kuna karatasi moja nyeupe, kisha gamba.

Nimekifunga kwa karatasi ya nyota, pamoja na penseli.
Kimekaa vibaya, kimevimba ubavuni.
Jana usiku mjomba alipiga simu kutoka kazini
kuuliza kama safari hii, tafadhali,
anaweza kupata soksi.