Kadirio la Saa Tisa Usiku

Kalamu ya mashine haiandiki mlima peke yake.
Huandika mlima na lori la makaa linalopanda Kibati,
na chukudu juu ya mawe ya lava,
ngoma za kesha, jenereta ya jirani,
na mbuzi wa mlinzi Bauma, anayejikuna
kwenye ukuta wa kibanda cha kipimo.
Yote hunifikia yakiwa mstari mmoja unaotetemeka.
Juzi nilimwandika mbuzi yule daftarini: tukio dogo.

Kwa hiyo sianzi na kalamu.
Naanzia jana, pale nilipodhani mlima upo,
nausukuma mbele kwa kanuni yake, kanuni nyoofu:
sababu ikiwa maradufu, nao mtikisiko huja maradufu.
Nasema: sasa utakuwa hapa.
Ndipo nafungua macho.

Kati ya nilichobashiri na nilichopokea
kuna pengo. Naliita mshangao.
Silimezi lote, silitupi lote.
Leo kuna upepo, kipimo kinaropoka: nachukua robo.
Jumapili alfajiri, mji umelala: karibu lote.

Walipoiba betri ya kituo cha tatu
siku nne sikupata neno.
Niliendelea kubashiri. Inaruhusiwa.
Ila kila saa shaka ilitanuka pembeni mwa namba yangu
kama mawese kwenye karatasi,
na namba yenyewe palepale, kaidi.

Mama hupiga simu kutoka Majengo:
"Katungu, tulale, au tufunge magodoro twende Sake?"
Mama, nina namba, na upana wa shaka yake.
Anasonya. "Upana haubebwi kichwani."

Lakini namjua. Muhindo yuko machimboni Rubaya,
mtandao unamkata kama msumeno:
"...ma... niko... siku... homa..."
Mama hubaki na simu iliyokwisha kukatika,
anamchukua mwanawe wa wiki iliyopita,
anamsogeza siku saba, njaa kiasi, mvua kiasi,
anamwongezea ile "homa", kidogo tu,
maana kijana huyu tangu utotoni hutia chumvi,
kisha anatenga pesa ya dawa. Nusu.

Saa tisa na robo. Mshangao mdogo, upande wa juu.
Tena. Upande uleule.
Tena.
Kelele halisi haina kumbukumbu, haichagui upande.
Namwita Bauma kwa redio: mbuzi yuko wapi?
"Amefungwa tangu jioni."

Nachonga penseli.