Kiti Yangu

Eilidh ananipaka jeli kichwani,
baridi, kama uji uliosahauliwa usiku kucha.
Kofia ya nyaya sitini na nne
inazibana nywele nilizosuka Jumapili.
Anaziomba radhi nywele, haniombi mimi.
Nje, mvua ya Dundee inanyesha kibahili,
si manyunyu, si ukungu,
ni mvua inayolipa deni kwa senti.

Kazi yenyewe ni nyepesi, pauni ishirini na chai:
nisome. Neno moja moja kwenye kioo cheusi,
linakuja, linafutika, linakuja lingine.
Nisipepese. Nisitabasamu.
Hata kumeza mate, anasema,
huonekana kama tetemeko la ardhi.

Haba
na
haba
hujaza
kabati.

Sikucheka. Kichwa kilikwishacheka kabla yangu.
Kilikuwa kimesimama mlangoni, kibaba mkononi,
kikimngoja mgeni kinayemjua,
likaingia kabati.
Haikufika nusu sekunde, nitaambiwa baadaye,
mstari ukapinda:
maana imekosa pa kukaa.

Sentensi alizitunga Mwakyoma, mtu wa Kyela,
anasomea shahada hapa na ana utani wake.

Hawatanisomea.

Hili limekuja peke yake, halina jirani,
nikalifungua kama bahasha ya nyumbani:
ha, wamekataa; wa, ni wengi;
ta, bado, siku haijafika; ni, mimi huyu;
som, kitabu kiko pale mezani;
e, ilikuwa kwa ajili yangu;
a, na mlango ukafungwa.
Nani alinifundisha kufungua upesi hivi?
Sikumbuki hata mwalimu mmoja.

Kisu
limeanguka.

Hapa kichwa hakicheki.
Kosa la ngeli lina mwendo mwingine,
linachelewa kidogo,
kama mwenye nyumba aliyekwisha kupita sebuleni,
akasikia kitu kikivunjika jikoni,
akarudi kuangalia.

Saa mbili. Kisha Eilidh akanionyesha mawimbi yangu,
kilima baada ya kilima,
kila kiatu kilichovalishwa mguu wa mwingine kimeonekana.
Isipokuwa hapa. Na hapa. Na hapa.
Kitabu yangu. Mkate yangu. Kiti yangu.
Mstari umelala kama maji ya ndoo.
Labda ulikuwa umechoka, akasema.
Mwakyoma akajikuna shingo:
Dada Mwasiti, kweli hukuyaona?

Niliyaona. Niliyasoma, herufi kwa herufi.
Ila sikusikia kitu kikivunjika.

Nina mtoto, Sudi, wa miaka sita, amezaliwa mji huu.
Kila asubuhi: Mama, kiti yangu iko wapi?
Zamani nilikuwa namjibu, changu, mwanangu, kiko,
huku namfunga kamba za viatu na basi linatuacha.
Sijui ni asubuhi gani niliacha.
Sikuikata shauri. Iliisha tu,
kama chumvi kwenye mkebe.

Usiku ananisomea kitabu
alicholetewa na shangazi yake kutoka Singida,
kidole kinatambaa, macho yanarukaruka,
erre zake zina ukwaruzo wa Kiskoti.
Anagusa jeli iliyokauka nyuma ya sikio langu,
ananiuliza kama walinitoa ubongo.
Kidogo, nasema. Wakaurudisha.

Akasoma:
Sungura akasema, nani amekalia kiti yangu?

Nikachungulia ukurasani.
Pamechapwa changu.
Na mtu fulani ndani yangu,
aliyekwisha kuzima taa,
akasimama gizani, akasikiliza,
akaenda jikoni kuangalia.