Sampuli ya Sitini na Moja

Baba, sampuli ya sitini haikufaa.
Niliisahau tanurini usiku ule waliponipigia simu
kutoka wodi ya mapafu: Maarit, njoo.
Saa tatu zikawa tisa.
Niliporudi, theluji imejaa butini,
shaba ilikuwa imekomaa hadi ikalegea,
kama ndizi iliyosahauliwa juu ya jokofu.
Sindano ya almasi ikazama ndani yake bila kubisha hodi.

Pori, mwezi wa Januari. Mto umeganda.
Dohani la kiwanda linapumua lenyewe,
wewe unapumuliwa na mashine.

Nilipokuwa mdogo ulirudi na springi mfukoni,
nyembamba kama ukucha wa mtoto,
ukanipa nizikunje. Jaribu. Jaribu tena.
Kila mara zilirudi zilikotoka, kama paka wa jirani Rauha.
"Shaba na berili," ulisema,
kwa sauti ya mtu anayetaja wakwe matajiri.
Asilimia mbili tu, na shaba ikaota uti wa mgongo.
Habari ya vumbi hukusema. Hukuijua.
Mama alikung'utia ovaroli yako uani, kando ya kamba ya nguo.
Miaka thelathini baadaye daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga
na nikaona vumbi limehamia, limejenga.

Ndiyo maana naitafutia shaba mchumba mwingine.
Kwani peke yake ni mpole mno:
umeme inaupitisha kama mwenyeji mkarimu,
lakini ukiiegemea, inakubali.
Chembe zake zimejipanga safu kwa safu,
na safu huteleza, moja juu ya nyingine,
kama sahani zenye sabuni.
Naitia nikeli, naitia silikoni kidogo,
nyuzi mia tisa na thelathini, hadi izimeze zote,
kisha maji baridi, ghafla,
zinaswe humo humo.

Hapo bado ni laini. Hapo ndipo inapopewa umbo;
samaki hukunjwa angali mbichi.
Halafu moto wa pili, mdogo, wa subira:
mia nne na sitini, saa tatu.
Nikeli na silikoni zinatafutana gizani,
zinaunda vijiwe ambavyo jicho halitaviona kamwe,
vinakaa njiani mwa kila safu: hupiti.
Na ninalolipenda, Baba, ni hili:
zikishakusanyana, zinauachia umeme barabara.
Ugumu na ukarimu, kwa moto uleule.
Kwa binadamu sijaliona.

Sitini na moja nilikesha nayo.
Kahawa vikombe vinne. Simu sikuizima,
ila niliilaza kifudifudi.
Dakika mia na themanini. Sindano ikashuka, ikagoma:
mia mbili kumi na nne.
Ile yako ilifika mia tatu na themanini.
Sitakudanganya. Haifiki.

Leo nimekuletea ukanda wake, upana wa kidole.
Umeushika kwa mikono inayotetemeka, ukaukunja.
Ukarudi.
Ukaukunja tena, zaidi. Ukarudi, karibu wote.
Ukaupeleka sikioni, ukaudonoa kwa ukucha,
ukafumba macho. Mashine ikavuta pumzi tatu kwa niaba yako.
"Sauti iko chini," ulisema. "Chini kidogo."
Kisha ukasugua ukingo wake kwa kidole gumba,
ukatazama unga wa manjano uliobaki kidoleni,
na wewe, mwenye pumzi za kuhesabu,
ukaupuliza kuelekea dirishani.
Nilitaka kukuzuia. Mkono wangu ukakwama hewani.

"Saa tatu?"
"Tatu."
"Ongeza nusu."